Jasho la Boti ya Nahodha

Kijiwe cha Woodbridge kilianzia kwenye benchi la mbao mbele ya gati, pale Mto Occoquan unapojimwaga Potomac, na mpaka leo wenyewe wanakiita "benchini" ingawa tangu baridi ianze hakuna aliyelikalia benchi hilo. Walichukua birika lao wakahamia ndani ya boti ya Dunstan, iliyofungwa hatua chache kutoka hapo. Dunstan ni mtu wa Rombo, dereva wa basi la shule, na kabla ya kuinunua boti hiyo kwa mzee mmoja aliyekuwa akirudi kwao Florida, chombo pekee alichowahi kupanda majini kilikuwa kivuko cha Kigamboni. Injini ya boti ilikufa kabla hajaimiliki. Haijawahi kutoka gatini na haielekei kama itatoka. Hilo halikuwazuia wenzake kumpa jina la Nahodha, wala halikumzuia yeye kuliitikia kwa raha zake. Ndani kuna chumba kimoja chenye viti virefu pande mbili, meza katikati, jiko dogo la gesi, madirisha ya kutazama mto, na kidirisha kimoja cha kwenye paa ambacho wenye boti hukifungua kupitisha hewa. Kidirisha hicho ndicho kilichokuwa kikidondosha maji Jumamosi hiyo asubuhi, tone baada ya tone, ndani ya kikombe cha Gwakisa.

— Limeingia, akasema Gwakisa akichungulia kikombe. Tena katikati.

— Hiyo ni nyongeza, maze. Kunywa tu, akajibu Gichuki.

— Kahawa yangu ilikuwa na tangawizi. Sasa ina ladha ya paa.

— Ungewahi ungekaa kando kama sisi.

Kanuni ilikuwa hiyo. Aliyefika mwisho alikalia kiti kilicho chini ya kidirisha cha paani, kiti kinachoitwa ubatizo, na hakukiacha mpaka aje mwingine wa kumrithi. Gwakisa alikuwa ametokea Beltsville na foleni ya barabara kuu ya naintifaivu haikumhurumia. Huko Beltsville analinda lango la kituo cha utafiti wa kilimo, na tangu aipate kazi hiyo hasemi tena "nadhani". Husema "utafiti unaonyesha". Ndiyo maana wakamwita Mtafiti.

Dunstan hakucheka. Alikuwa na taulo begani na jingine mkononi, anapangusa dirisha la upande wa mto. Akimaliza hilo anahamia la pili, na akifika la mwisho lile la kwanza limeshalowa tena. Maji yalijikusanya juu ya kioo, yakateremka kwa njia zao zilezile, yakaishia kwenye mito ya viti.

— Nahodha, keti kidogo, akasema Gichuki. Unapangusa kama umeajiriwa.

— Domina anakuja.

— Si ulisema ni mchana?

— Mazoezi ya kwaya yakiisha. Akikuta tone moja, boti inauzwa. Mlimsikia wenyewe.

Walimsikia. Jumamosi iliyopita mke wa Dunstan aliinua mto mmoja wa kiti, akaugeuza. Mito yote ya humo aliishona yeye kwa kitenge alicholetewa na mama yake kutoka Tarakea, na upande wa chini kilikuwa kimeota madoa meusi ya ukungu. Domina hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba hakuwashonea vyura, na kwamba Jumamosi itakayofuata atapita tena.

Dunstan alimjua mkewe. Hatishii, anatoa taarifa. Na boti ikiuzwa, yeye atarudi kwenye ile nyumba ya ghorofa ya tatu ambako mtu hupiga simu wiki nzima kabla ya kuja kunywa chai, na akija anatazama saa. Miaka mingi alikaa hivyo akajiambia ndiyo maisha ya huku. Humu botini mtu anaingia tu, anavua viatu, anauliza kama kahawa iko. Dunstan aliipenda boti kwa ajili hiyo na si kwa jambo jingine, maana hata mto wenyewe aliuogopa.

— Wasee, hebu mnisikize, akasema Gichuki. Shida si hewa. Shida ni ukuta. Hii boti imekaa kwa maji miaka mingi, sindio? Ukuta umezoea kunywa. Usiku maji yanapanda ndani yake pole pole, yanafika kwa dirisha, yanakosa pa kwenda, yanatoka.

— Ukuta wenyewe ni faiba, akasema Dunstan bila kugeuka.

— Na faiba imetengenezwa na nini?

Hakuna aliyejua, kwa hiyo Gichuki akajihesabia ushindi. Jina lake la kijiweni ni Injinia. Alilipata siku alipoifufua maikrowevu ya watu kwa kuipiga kofi. Kazi yake hasa ni kupakia vifurushi usiku kwenye ghala moja huko Maryland, na huko ndiko alikotoa ile plastiki yenye malengelenge ya hewa iliyobandikwa kwenye vioo vyote.

— Plastiki yako imesaidia nini? akauliza Gwakisa.

— Imesaidia sana. Maji si hayaonekani?

— Yako nyuma ya plastiki. Imeota kitambi.

— Lakini hayaonekani vizuri.

— Domina ataona kitambi.

— Mwambie ni dizaini.

Mtu wa nne humo, jina lake Sikujua, aliinuka kukoroga birika. Huyu ni mtu wa Bukavu, anatunza wazee huko Columbia, na hata siku ya mapumziko huja na tai. Aliwahi kusoma falsafa, ingawa hajawahi kueleza iliishia wapi. Wanamwita Profesa. Kahawa ilikuwa mikononi mwake, na sharti lake lilikuwa moja, birika lisifunikwe. Kahawa iliyofunikwa, kwa maelezo yake, inashikwa na hasira. Basi birika lilichemka wazi tangu wa kwanza alipoingia, na mvuke wake ulipanda ukajikunjia darini kwa utulivu, na hakuna aliyeutazama.

— Tuseme ukweli, akasema Gwakisa. Kama mngenisikiliza mimi, leo tusingekuwa hapa. Utafiti unaonyesha mchele unanyonya unyevu. Simu ikitumbukia majini unaifukia kwenye mchele, ndiyo au siyo?

— Ndiyo.

— Nikatundika soksi za mchele humu. Kila dirisha na soksi yake. Ziko wapi?

Watu wakatazama vikombe vyao.

— Zilikuwa soksi mpya, akasema Sikujua taratibu.

— Profesa, nauliza ziko wapi.

— Soksi ziko. Mchele njo hauko. Ile siku ya neige, theluji ilipojaa, tulikuwa na njaa mingi.

— Mkapika dawa.

— Tulipika na nazi, akaongeza Gichuki. Na wewe usijifanye, ulikula ukaongeza.

Gwakisa aliukumbuka ule wali, na ulikuwa mzuri. Aliukumbuka pia mvuke uliojaa humu ndani mpaka wakafungua vifungo vya makoti, lakini hilo hakuliunganisha na lolote.

— Na ile mashine yangu ya kukausha hewa? akauliza Dunstan. Niliinunua mpya kabisa. Mbona haiungurumi?

Gichuki akakuna shingo.

— Buda, hapa soketi ni moja. Nili-unplug nicharge simu.

— Lini?

— Si juzi tu.

— Juzi ipi?

— Krismasi.

Dunstan akakaa. Alitazama huku na huku akitafuta jambo moja la maana lililofanyika humu tangu baridi ianze, akaliona. Ukutani karibu na mlango kulikuwa na tundu la hewa, na Gwakisa alikuwa amelishindilia kipande cha kitenge kilichobaki kwenye ushonaji wa mito. Kabla ya hapo baridi ilikuwa ikipenya hapo ikiwatafuna vifundo vya miguu. Baada ya hapo chumba kikawa na joto kama tumbo la kuku. Dunstan alimshukuru Gwakisa siku ile, na moyoni akamshukuru tena.

— Bon, akasema Sikujua. Sasa miye nizungumze. Ninyi munatafuta maji kwa dirisha. Maji haitoki kwa dirisha. Inatoka kwa huzuni.

— Wewe naye umeanza.

— Munisikilize. Hii bato ilitengenezwa ya kutembea. Mumeifunga na kamba, haitembei. Angalia mutu mwenye nguvu, umukataze kazi, umulaze. Hatatoka jasho? Atatoka. Njo vile. Tuitembeze, itakauka.

— Injini imekufa, Profesa.

— Tuivute.

— Na nini?

— Na gari ya Gichuki.

— Gari yangu iko na lease, nimeikodi tu, akasema Gichuki. Na huko unakoivuta ni mtoni ama barabarani?

Sikujua akaona hilo ni jambo dogo la utekelezaji, akahamia kubwa zaidi. Alisogeza kikombe kando, kwa namna ya mtu anayefungua mhadhara.

— Tena kuna ingine. Huu mto unatoka wapi? Unapita Washington. Kule kuna maofisi ya serikali, watu maelfu na maelfu, kila mutu na kikombe chake ya kahawa ya moto. Wanakunywa. Bon. Wakishakunywa wanaenda fasi gani?

— Profesa, tunakunywa hapa.

— Inateremka mtoni ikiwa ya moto. Inafika Woodbridge. Chini ya bato ni moto, juu ni baridi. Voila, jasho.

Hata Dunstan, aliyekuwa na haraka, alijikuta anautazama mto.

— Hiyo inaingia akilini, akasema Gwakisa. Na utafiti unaonyesha serikali ikifunga ofisi, jasho linapungua.

— Umeupata wapi huo utafiti?

— Langoni.

— Nyote mnapotea, akasema Gichuki. Hizi vioo ni za Florida. Mzee aliyetuuzia alikuwa mtu wa jua. Kioo kimezaliwa kwa joto, kimekulia joto, mnakileta baridi. Kinafanya nini? Kinakumbuka kwao. Mimi nilipofika Marekani Januari, si nililia kwa airport?

— Ulilia kwa sababu sanduku lilipotea.

— Na baridi pia.

— Kwa hiyo tukionyeshe kioo picha ya Florida? akauliza Dunstan, na kosa lake likawa kuuliza kwa mzaha, maana Gichuki tayari alikuwa ameshatoa simu na kutafuta picha ya ufuko. Aliisimamisha dirishani, ikiegemea plastiki, na wote wakaitazama kuona kama kutatokea mabadiliko.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa, mara mbili, kwa pete.

— Nani huyo anagonga? akauliza Gichuki. Watu wa hapa hawagongi.

Dunstan alijua. Alifuta dirisha lililo karibu kwa mkono wa sweta, akakaa juu ya mto uliolowa zaidi kuliko yote ili usionekane, akahisi maji yakimpenya suruali.

Domina aliingia na koti lake la kanisani. Nyuma yake aliinama kijana mrefu mwenye miwani, ambayo ilifunga ukungu palepale alipovuka kizingiti. Aliivua, akaifuta, akaivaa, ikafunga tena.

— Shikamooni wazee wangu, akasema akitazama upande usiokuwa na mtu.

— Marahaba, wakaitikia.

— Huyu anaitwa Ombeni, akasema Domina. Ni besi kwenye kwaya yetu, anasoma Fairfax. Kodi za huko zimemshinda, anatafuta mahali pa kuishi. Amekuja kuiona boti.

Gichuki akaizima picha ya Florida.

— Mama Queen, karibu kiti, akasema Dunstan. Hata hujaangalia kama kuna tone.

— Nina macho, Baba Queen.

— Ulisema tone. Leo hakuna tone. Kuna unyevunyevu tu wa kawaida.

— Shemeji, ni dizaini, akasema Gwakisa, aliyekuwa tayari ameshahama kando, na kumwachia mgeni kiti cha ubatizo. Karibu kijana, keti hapo, ndipo penye nafasi.

Ombeni aliketi. Kidirisha cha paani hakikumchelewesha.

— Samahani, akasema akijishika ukosi. Kuna kitu kimeniingia shingoni.

Domina alimtazama tu mumewe, na Dunstan akaona boti imekwenda.

Kijana alikuwa na adabu. Alipokea kahawa, akaisifu. Akatazama madirisha yaliyofura plastiki, soksi tupu zilizoning'inia, waya wa simu kwenye soketi, birika linalofuka. Wenyewe kwa kuona hofu ya Nahodha wakaanza kumweleza, kila mmoja kwa zamu na kisha kwa pamoja, habari za ukuta unaokunywa, huzuni ya bato na kahawa ya serikali. Ombeni alisikiliza yote. Kisha akauliza, bila hila yoyote, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi:

— Kukiwa hakuna mtu humu ndani, haya maji huwa yanatoka?

— Swali zuri, akasema Gwakisa.

— Bon, akasema Sikujua, akakoroga birika.

— Ngoja, akasema Gichuki. Ni lini hakuna mtu?

Wakatazamana.

— Mimi nikitoka job asubuhi napitia hapa, nalala kidogo, akaendelea Gichuki, akihesabu kwa vidole. Nahodha ananipata hapa akimaliza kupeleka watoto shule.

— Mimi nikitoka kwenda kuendesha basi la mchana, Profesa anakuwa ameshafika, akasema Dunstan.

— Ndiyo, kahawa inakuwa inachemka. Magaribi njo Mtafiti anaingia.

— Na mimi sitoki mpaka Gichuki anapita kuchukua chakula chake akienda ghalani, akasema Gwakisa.

— Kwa hiyo hakuna wakati ambao hakuna mtu, akasema Ombeni.

— Hakuna.

— Basi mmejuaje kwamba boti ndiyo yenye tatizo?

Nje bata walipiga kelele. Birika likatokota. Wanaume wanne wakabaki wakipumua, na pumzi zao zikaenda zikatua kwenye kioo.

— Iko rahisi, Gichuki akasema hatimaye. Sisi tutoke, mmoja abaki. Huyo ataangalia kama maji yanatoka wakati hakuna mtu.

— Hiyo ndiyo njia ya kisayansi, akakubali Gwakisa. Nitabaki mimi.

— Wewe unapumua sana, akasema Sikujua.

Domina alikuwa bado amesimama mlangoni. Hakucheka, na Dunstan aliyeanza kutabasamu akaacha.

— Mnapokezana, akasema Domina. Mnaingiaje?

— Na funguo, shemeji, akasema Gwakisa, akautoa wake mfukoni kuonyesha. Gichuki naye akautoa, ukining'inia kwenye kopo dogo la soda. Wa Sikujua ulikuwa na utepe wa buluu. Waliziweka mezani kwa fahari, kama watu wanaoonyesha picha za watoto wao.

— Ninyi nyote mna ufunguo wa humu.

— Sote, akasema Gichuki. Nahodha si mchoyo.

— Mimi nimeshona mito yote ya humu, akasema Domina. Mbona mimi nagonga?

Dunstan aliona aibu, aibu hasa, ikamwanzia masikioni. Hakuwa amemnyima. Hakuwa amefikiria, na alijua kwamba hilo ni baya zaidi. Alikuwa amejipatia mahali ambapo mtu haombi ruhusa kuingia, halafu aliyemwacha nje ya mlango ni mkewe.

— Tokeni, akasema Domina. Wote. Hata wewe mwenye utafiti.

Alizima jiko mwenyewe. Alibandua plastiki, akachomoa simu ya Gichuki, akafungua kidirisha cha paani mpaka mwisho wake. Alipofika kwenye tundu la hewa akashika ile ncha ya kitambaa, akavuta, na kitambaa kikaja kirefu, kimelowa chapachapa.

— Hiki si kitenge cha mama?

— Kilikuwa kinazuia baridi, akasema Dunstan.

— Kilikuwa kinazuia kila kitu.

Baada ya hapo akapita na taulo kwenye vioo vyote, mara moja tu, akatoka. Dunstan akafunga mlango.

Ndivyo benchi lilivyopata watu wake tena. Jua lilikuwapo, lakini la Januari, la kuangalia tu. Sikujua alikuwa ameokoa kahawa kwenye chupa ya chai, wakaipitisha mkono kwa mkono huku wakipiga miguu chini. Ombeni alibanwa katikati ya Gichuki na Gwakisa, na kila mmoja alimweleza kivyake kwa nini boti itakutwa imelowa. Walitaka iwe imelowa. Ikilowa, kosa ni la ukuta, au la kioo, au la serikali. Ikikauka, kosa ni lao.

Dunstan alibaki gatini karibu na dirisha, mikono mfukoni. Domina alikuja akasimama kando yake.

— Ukifikiria nimekuja kukukomoa, umekosea, akasema.

— Sifikirii hivyo.

— Kabla ya boti hii ulikuwa unakaa pale dirishani nyumbani, unatazama magari ya watu yakiegeshwa. Nilikuwa nikitoka zamu nakukuta hapohapo. Nikaomba upate kitu. Ukapata. Nikafurahi, nikashona mito. Halafu nikaona kitu chenyewe hakinihusu.

— Kinakuhusu.

— Nagonga, Baba Queen. Hata mwenye gati anagonga mara moja tu. Mimi nagonga mara mbili, halafu nasikia mnanyamaza.

Dunstan aliutoa ufunguo wake mfukoni, wake mwenyewe ule wa kwanza aliopewa na mzee wa Florida, akamwekea mkononi na kuvikunja vidole vyake juu yake.

— Na wewe? akauliza Domina.

— Mimi nitagonga.

Domina akageuka upande wa mto, akakaa hivyo kidogo, akijifanya anawatazama bata.

Kahawa ilikuwa imefika mwisho. Walisikia Sikujua akiipindua chupa na kuitikisa. Ndipo Dunstan alipojikaza akainama dirishani, na Domina akainama naye.

Kioo kilikuwa kikavu. Si tone, si ukungu, kikavu kabisa, na ndani kila kitu kilionekana wazi kama siku boti iliponunuliwa: meza, vikombe, mito ya kitenge, viti virefu visivyo na mtu. Dunstan hakuwahi kukiona chumba hicho kitupu. Hakukipenda. Boti kavu alikuwa ameipata, na sasa ilifaa kuuzwa kwa mtu mmoja mpole anayeishi peke yake, asiyepika wali wa watu.

— Nahodha, Gichuki akaita kutoka benchini. Imekauka?

Dunstan akafungua mdomo. Akisema ndiyo, Ombeni anaichukua na wao wameondolewa. Akisema hapana, mkewe amesimama hapo na macho yake mawili.

— Nauliza, imekauka?

Domina akakisogelea kioo, akapumua juu yake, haa, pumzi ndefu ya mwimbaji wa kwaya. Dirisha lote likazibwa na ukungu.

— Imelowa, akasema kwa sauti ya kufika mbali. Ombeni, mwanangu, njoo uone mwenyewe. Boti hii haifai kabisa. Chumba nitakutafutia kwa watu wa kanisani.

Ombeni alikuja, akavua miwani, akatazama, akatikisa kichwa kwa huruma. Nyuma yake benchi zima lilikuwa limeshasimama. Gichuki alisema alijua, ni ukuta. Gwakisa akasema utafiti ulishaonyesha.

— Birika litafunikwa, akasema Domina bila kuwatazama. Wali mtapika kwenu. Tundu la hewa atakayeliziba tena nitamziba yeye. Na anayesikia baridi avae koti.

— Kahawa ikifunikwa inashikwa na hasira, mama, akasema Sikujua kwa unyonge.

— Itazoea.

Akampita mumewe, akapita gatini mpaka mlangoni, akachagua upande sahihi wa ufunguo, akafungua bila kugonga.